Ujuzi Nao ni Mchango



Mwezi huu tutazungumza juu ya michango ya matibabu na ya huduma za afya, na hasa juu ya mchango wa aina moja ambao mara nyingi tunausahau, yaani mchango wa ujuzi.

Karibu kila familia inaijua desturi ya kuchangiana. Mtu akilazwa hospitali, jumuiya hukutana na kutoa walicho nacho. Zahanati ikipungukiwa, hutangazwa harambee. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, hatuhitaji tena kungoja mtu asafiri na bahasha. Kijana wa kwetu aliyeko Mwanza, Dar es Salaam au ng'ambo hupata habari kwa simu asubuhi, na jioni fedha zake zimekwisha fika.

Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini sisi tunaofanya kazi wodini tunaona pia upande wa pili. Fedha hupatikana, kifaa hununuliwa, watu hupiga makofi siku ya kukipokea, na baada ya miezi michache kifaa kile kimewekwa pembeni, kimefunikwa shuka. Umeme haukitoshi, au kipuri hakipatikani, au hakuna aliyefundishwa kukitumia. Mgonjwa aliyekusudiwa hakufaidika. Kilichokosekana hapo ni mtu mwenye ujuzi wa kuuliza maswali mapema, kabla fedha hazijatumika.

Mtu huyo mara nyingi yupo. Pengine ni mtoto wa parokia hii hii anayefanya kazi mbali, na simu aliyonayo mfukoni inaweza kumfikia. Tuangalie basi namna ya kumtafuta, namna ya kumtumia vizuri, na mambo ya kujihadhari nayo.

MWENYE UJUZI ANAYEJITOLEA NI NANI?

Ni mtu anayetoa kazi ya fani yake bila kudai mshahara, kwa muda maalumu na kwa ajili ya faida ya wengi. Fundi umeme anayepima nyaya za zahanati, mhasibu anayekagua daftari la michango, mwanasheria anayesoma mkataba wa ujenzi, fundi wa vifaa tiba anayeeleza mashine ipi inafaa, mwalimu anayeandika barua ya maombi kwa lugha safi, wote hao ni wachangiaji.

Baadhi ya kazi hizo hazihitaji mtu afike kwa miguu. Mhasibu anaweza kusoma taarifa ya benki akiwa Arusha. Mhandisi anaweza kuangalia picha za paa na vipimo vyake akiwa Nairobi. Hapo ndipo intaneti inapotusaidia, maana inamkutanisha mwenye shida na mwenye maarifa ingawa hawajawahi kuonana.

TUCHUKUE MFANO: MASHINE YA OKSIJENI

Tuseme parokia inataka kununua mashine ya kuzalisha oksijeni kwa ajili ya watoto wanaoletwa zahanati na nimonia. Ni nia njema sana. Mtoto ambaye oksijeni katika damu yake imeshuka chini ya asilimia 90 yumo hatarini, na kumpa oksijeni wakati anaandaliwa kupelekwa hospitali kunaweza kuokoa maisha yake.

Mashine hii huvuta hewa ya kawaida, ambayo ina oksijeni kiasi cha asilimia 21, huondoa naitrojeni na kutoa oksijeni iliyo nyingi. Mashine ya lita 5 kwa dakika inaweza kuwahudumia watoto zaidi ya mmoja ikiwa ina kigawanyio, kwa sababu mtoto mchanga huhitaji kati ya nusu lita na lita 1 kwa dakika, na mtoto mkubwa kidogo lita 1 hadi 2.

Sasa angalia maswali yanayofuata:

1. Umeme. Mashine za kawaida hutumia kati ya wati 300 na 600, tena mfululizo usiku na mchana. Je, umeme wa zahanati unatosha? Kama ni wa jua, betri zitadumu hadi asubuhi? Swali hili ni la fundi umeme.

2. Nguvu ya umeme kupanda na kushuka. Bila stabilaiza mashine inaweza kuungua wiki ya kwanza. Je, bei yake imo katika hesabu ya harambee?

3. Vumbi na joto. Filta ya nje husafishwa mara kwa mara, walau mara moja kwa wiki, na mashine haiwekwi ikiwa imebanwa na ukuta. Nani atafanya kazi hiyo, na nani ataandika kwamba imefanyika?

4. Vipuri na matengenezo. Ikiharibika, fundi wa karibu yuko wapi? Vipuri vya aina hiyo vinapatikana nchini?

5. Kipimo cha kidoleni. Bila kipimo cha kuonyesha kiasi cha oksijeni katika damu, muuguzi atajuaje nani anaihitaji zaidi?

6. Mafunzo. Wauguzi wangapi wataelekezwa, na akihamishwa mmoja nani atabaki anajua?

Maswali haya sita yanajibiwa na watu wanne hivi: fundi umeme, fundi wa vifaa tiba, muuguzi mzoefu na mhasibu. Wakipatikana kabla ya kutangaza harambee, kiasi kinachotangazwa huwa ndicho kinachohitajika kweli. Wasipopatikana, watu huchangia mashine peke yake, kisha huombwa tena stabilaiza, kisha nyaya, hadi wanachoka na kuanza kunung'unika.

Tatizo hili halipo kwetu tu. Mwaka 2011 ulichapishwa uchunguzi uliokusanya orodha za vifaa vya hospitali zaidi ya 112,000 katika nchi zenye uwezo mdogo. Karibu vifaa 4 katika kila 10 vilikuwa havifanyi kazi. Sababu zilizotajwa ni ukosefu wa mafunzo, usimamizi hafifu wa vifaa na upungufu wa miundombinu. Ukiziangalia vizuri utaona kwamba zote zinahusu ujuzi.

MIFANO YA MAHALI ILIPOFANYIKA

Mfano wa kwanza uko hapa Tanzania. Mwaka 2015, chini ya Tanzania Development Trust, shirika la hiari la Uingereza, ulianza mradi wa Crowd2Map wa kuchora ramani za vijiji vyetu. Shida yenyewe ilikuwa hii: katika wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, mabinti waliokuwa wakikimbia ukeketaji walihitaji kufikiwa haraka na kupelekwa nyumba salama, lakini vijiji vingi havikuonekana katika ramani yoyote. Polisi na wahudumu walipoteza muda mwingi wakiuliza njia.

Watu wa kujitolea katika nchi mbalimbali, kila mmoja kwenye kompyuta yake, walichora barabara na nyumba kwa kutazama picha zilizopigwa kutoka angani. Wenyeji nao, kwa simu zao, waliongeza majina ya vijiji, shule, zahanati na njia. Mgeni hawezi kujua jina la kitongoji; mwenyeji hana muda wa kuchora maelfu ya nyumba. Wakishirikiana, kazi inakamilika. Shirika hilohilo lilichangisha pia fedha kwa ajili ya kuwahifadhi mabinti. Kwa hiyo fedha na ujuzi vilikwenda pamoja: fedha zilisaidia kumpa binti mahali pa kulala, na ramani ilisaidia gari kumfikia.

Mfano wa pili ni wa mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona. Mafundi wa hospitali duniani walihangaika kupata vitabu vya maelekezo ya kutengeneza mashine za kupumulia na nyinginezo. Kampuni ya Marekani iitwayo iFixit iliwaomba wakutubi na watunza nyaraka wajitolee kupanga maelekezo yaliyokusanywa. Mwezi Mei mwaka huo walitoa bure katika intaneti maelekezo zaidi ya 13,000. Wale wakutubi hawakujua kutengeneza mashine. Walijua kupanga vitabu, na huo ndio ujuzi uliohitajika. Fundi wa hospitali yoyote anaweza kunufaika na kazi hiyo.

Mfano wa tatu unahusu kuaminiana. Mmarekani mmoja, Chase Adam, alipokuwa akijitolea Costa Rica alipanda basi, na ndani ya basi akaingia mama mmoja akiomba mchango wa matibabu ya mwanawe. Abiria walimpa, kwa kuwa alikuwa na karatasi za hospitali za kuonyesha kwamba asemayo ni kweli. Jambo hilo lilimfanya aanzishe mwaka 2012 shirika la Watsi, akaliita kwa jina la mji wa huko. Watu huchangia kwa intaneti matibabu ya mgonjwa mmoja mmoja, lakini anayemthibitisha mgonjwa na gharama yake ni mhudumu wa afya wa mahali pale. Hospitali za misheni nchini Kenya ni miongoni mwa zilizoshirikiana nalo. Tuone hapo kwamba ujuzi wa daktari na muuguzi ndio unaoufanya mchango uaminike.

NJIA ZA KUWATAFUTA

(a) Anzeni nyumbani. Katibu wa jumuiya aandike katika daftari majina ya waliozaliwa au kukulia parokiani, kazi zao na namba zao za simu, kwa ridhaa yao. Mtashangaa: yumo fundi bomba, yumo mwanafunzi wa uhandisi, yumo mama aliyestaafu benki. Kundi la WhatsApp la waliosoma shule moja nalo ni mahali pazuri pa kuuliza.

(b) Umoja wa Mataifa una shirika la wanaojitolea, UNV, lililoanzishwa mwaka 1970. Tangu mwaka 2000 umekuwa na utaratibu wa kuyaunganisha mashirika na watu wanaojitolea kwa njia ya intaneti, katika kazi kama vile kutafsiri, kuchora na kuandika miradi. Njia hii inafaa zaidi kwa shirika lililosajiliwa, kwa hiyo parokia ni vizuri ipitie ofisi ya jimbo inayohusika na maendeleo na afya.

(c) Kuna tovuti za kuchangisha fedha. GlobalGiving ya Marekani ilianza mwaka 2002, na M-Changa ya Kenya ilianza mwaka 2012 ili kuiingiza harambee katika simu. Kabla ya kujiunga na tovuti yoyote someni masharti, hasa kiasi kinachokatwa katika kila mchango na siku ambazo fedha huchukua kufika. Hapo napo mpeni mhasibu au mwanasheria ayasome kwanza.

NAMNA YA KUOMBA UJUZI

Wengi hukosa msaada kwa sababu ombi lao halieleweki. Ukiandika "tunaomba wataalamu mtusaidie," kila mmoja atadhani anaambiwa mwingine. Ombi zuri hutaja kazi yenyewe, mahali, muda, gharama zitakazolipwa, mwisho wa kupokea majibu na mtu wa kuwasiliana naye. Kwa mfano:

"Zahanati yetu inataka kununua mashine ya oksijeni ya lita 5 kwa ajili ya watoto. Kabla ya kuanza kuchangisha, tunamtafuta fundi umeme mwenye leseni atakayepima umeme wa jengo na kutuandikia vifaa vinavyohitajika na makadirio ya bei. Kazi ni ya siku moja hapa kituoni. Nauli na chakula tutatoa. Tunaomba majibu kabla ya tarehe 15. Wasiliana na katibu wa kamati."

Ombi kama hili fundi akilisoma anajua mara moja kama analiweza. Na aliye mbali, ingawa hawezi kuja, anaweza kumpelekea rafiki yake aliye karibu.

Akishapatikana, msimwongezee kazi juu ya kazi. Aliyejitolea siku moja asifanywe mtumishi wa mwaka mzima. Vilevile kazi ya kudumu, kama ya muuguzi wa zamu au mlinzi, inastahili mshahara. Tusiifunike kwa jina la kujitolea. Na kila mtaalamu anayekuja amfundishe mtu wa hapa, ili akiondoka maarifa yabaki.

JE, TUTAMJUAJE KUWA NI MTAALAMU KWELI?

Katika intaneti kila mtu anaweza kujiita daktari. Ulizeni cheti na namba ya usajili, kisha mthibitishe. Hapa Tanzania madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, wauguzi na wakunga na Baraza la Uuguzi na Ukunga, wahandisi na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na wahasibu na NBAA. Mafundi umeme hupewa leseni na EWURA. Mtaalamu wa kweli hachukii kuulizwa.

Daktari au muuguzi anayetoka nje ya nchi hana budi kupata kibali cha baraza linalohusika kabla ya kumhudumia mgonjwa. Tena, ndugu zangu, kundi la WhatsApp si chumba cha daktari. Mtaalamu aliye mbali anaweza kumshauri mganga wa zahanati, lakini asimwandikie dawa mgonjwa asiyempima. Homa ya mtoto haitibiwi kwa picha. Mtoto apelekwe kituoni.

Na kama mtu ameahidi kutuma dawa, msipokee hivi hivi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani juu ya dawa za msaada, uliotolewa kwanza mwaka 1996, unataka dawa ziwe zinahitajika mahali pale na, kwa kawaida, ziwe zimebakiza walau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake. Hapa nchini kuingiza dawa kunahitaji kibali cha TMDA. Mwulizeni kwanza Mganga Mkuu wa Wilaya.

SIRI YA MGONJWA

Hapa naomba tusimame kidogo. Siku hizi picha ya mgonjwa aliyelala kitandani, jina lake, ugonjwa wake na hata cheti chake cha hospitali huzungushwa katika makundi kumi kwa saa moja. Nia ni kumsaidia. Lakini mgonjwa atapona, atarudi shuleni au kazini, na picha ile itabaki katika simu za watu asiowajua. Ikishatumwa hairudi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nchini Tanzania inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Kwa hiyo tufuate haya:

- Mgonjwa mwenyewe akubali, akijua picha au habari zake zitakwenda wapi. Akiwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye akubali, na mtoto anayeelewa naye aulizwe.

- Mara nyingi picha haihitajiki kabisa. Barua ya hospitali inayotaja gharama, ikionyeshwa kwa kamati, inatosha.

- Ugonjwa usitajwe bila lazima. "Anahitaji upasuaji unaogharimu kiasi hiki" ni maelezo ya kutosha.

- Mtaalamu anayejitolea apewe habari anazohitaji kwa kazi yake tu. Mhasibu hana haja ya kujua majibu ya maabara.

FEDHA NA DAFTARI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Fedha za harambee zisiwekwe katika simu ya mtu mmoja, hata awe mwaminifu namna gani. Zikiwa huko hata yeye mwenyewe hana amani. Ifunguliwe akaunti yenye watia sahihi zaidi ya mmoja. Kwa gharama za mgonjwa, ni afadhali mchango ulipwe moja kwa moja hospitalini kwa namba ya malipo ya hospitali, na risiti ionyeshwe.

Jihadharini na matapeli. Huchukua picha ya mgonjwa wa kweli, hubadilisha namba ya simu, na kuituma upya. Kabla ya kutuma fedha mpigie katibu wa jumuiya au ofisi ya hospitali umwulize. Namba yako ya siri usimpe mtu yeyote, hata akisema anapiga kutoka kampuni ya simu.

Hapa mhasibu wa kujitolea ana kazi kubwa. Hata akiwa mbali anaweza kupelekewa kila mwezi taarifa ya benki na picha za risiti, azilinganishe, kisha aandike ripoti fupi ya kusomwa mbele ya watu na kutumwa kwa wachangiaji walio nje. Aliyetoa shilingi elfu 5 akaona zimefanya nini, atatoa tena.

Napenda kushauri jambo moja zaidi. Daftari la harambee liwe na safu mbili: safu ya fedha na safu ya kazi. Katika safu ya pili iandikwe: fundi umeme, siku moja, mhasibu, saa tatu, muuguzi aliyefundisha wenzake, siku mbili. Siku ya kusoma michango, zisomwe safu zote mbili. Kijana ambaye hana fedha lakini ana ufundi ataona kwamba naye amehesabiwa, na mwakani atajitokeza bila kuitwa.

TUANZE NA NINI?

Kwa familia inayosoma ukurasa huu, hatua ya kwanza ni ndogo. Katika mkutano ujao wa jumuiya, mtu mmoja achukue daftari na kuuliza: nani kati ya watoto wetu anajua kazi gani, na yuko wapi? Kisha mwende kwa mganga wa zahanati yenu mumwulize kifaa gani kimekaa bila kutumika, na kwa nini. Huenda mkakuta kwamba kabla ya kununua mashine mpya, iliyopo inahitaji filta tu, stabilaiza, na fundi mmoja wa kuja Jumamosi. Simu ya kumwita fundi huyo mnayo tayari.